Skydrol LD-4: ndege iko salama, fundi jipange

Mwaka wa tisa huu nashika Skydrol, haya mafuta ya zambarau ya hidroliki ya ndege, na bado nikifungua kopo navaa glavu mbili mbili, kwa hiyo mjue anayesifia hapa ni mtu aliyeshaunguzwa.

Bomba la hidroliki (mafuta yenye presha yanayosukuma breki na magurudumu) kwenye Boeing 737 lina presha kama psi 3,000, yaani pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, likitoboka hata tundu la sindano tu mafuta yanaruka kama ukungu, na hapo hapo kuna breki zimetoka kutua zina joto la kukaangia chapati. Yale mafuta mekundu ya hidroliki ya zamani, yanayoitwa 5606, mvuke wake unaweza kudaka cheche kuanzia nyuzi 82 za Selsiasi hivi, ndo maana kampuni ya ndege ya Douglas miaka ya 1940 wakahangaika mpaka wakapata fosfeti esta, kemikali isiyoshika moto kirahisi ambayo ndo Skydrol yenyewe. Sio kwamba Skydrol haiungui kabisa, inaungua, ila ukiondoa moto inazima yenyewe. Hapo sibishani na mtu.

Sasa karaha zake. Siku moja niko chini ya gia (miguu ya magurudumu ya ndege) nalegeza nati, miwani nimeiacha kwenye tulboksi (ujinga wangu), tone likanipata jichoni. Nilisimama kwenye bomba la maji robo saa nzima nalia kama mtoto kanyang'anywa andazi. Saa yangu ya plastiki kioo kikaingia ukungu mpaka leo, na rangi ya trei ilivimba ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Halafu yanavuta maji. Kuna duka lilituletea kopo mfuniko umebonyea tukalirudisha, maana unyevu ukiingia yanageuka asidi taratibu na kuanza kula vali. Na usithubutu kuchanganya na mekundu, sili (mipira ya kuzuia kuvuja) za huku ni za mpira wa EPDM, za kule ni mpira wa nitraili, ukikosea zinavimba na utabadilisha o-ringi mpaka uchoke.

Wamarekani jeshini walikwepa hii kesi, wakachukua mafuta ya 83282, nyekundu vilevile na sili zile zile za zamani, ila haidaki moto mpaka nyuzi 205 na kuendelea, na kwenye vifaru wana ndugu yake 46170. Kwa raha ya mikono yangu ningechagua hiyo, ila 737 haiitaki.

Nyota nne. Ovaroli ifue peke yake, usichanganye na nguo za watoto.