Dalali wa punda hapa Lamu: nyota mbili, na moja ni ya kupokea simu

Naandika hii manake watu wawili washaniomba namba ya huyu dalali na sitaki kuitoa bila kusema yaliyonikuta. Jina lake simtaji, anayekaa hapa mjini atamjua, asiyekaa hapa hana haja naye.

Punda mwenyewe anaitwa Waziri. Kakangu ndiye alimpa jina hilo, anasema anakula vizuri, anatembea polepole na ukimpa kazi anakasirika. Kaka alipopata kazi Qatar akaniachia punda watatu, majike wawili ambao hawana neno kabisa, hata mtoto wa darasa la pili anawapeleka bandarini na kuwarudisha, na huyu Waziri. Dume, miaka tisa hivi, kijivu, ule msalaba mweusi wa mgongoni umekolea kama umechorwa kwa wino, ukimwona amefungwa kivulini pale Mkunguni utasema huyu ndo punda wa mji mzima. Sasa jaribu kumtandika shogi, yale makapu ya mzigo ya mgongoni.

Anauma. Anapiga mateke, tena si ya kubahatisha, anakupima kwanza. Na kubwa zaidi analala, yani amebeba mchanga tuko katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, pale ambapo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, yeye anakunja magoti na kulala chini, watu wanatoka sala ya Ijumaa, wengine wanacheka, wengine wanauliza huyu punda wa nani, na mimi na buibui langu nasukuma makalio ya punda mbele ya wazee wa mtaa. Mchanga wote umemwagika mlangoni kwa watu. Siku ile niliporudi nyumbani nikasema basi, ama namuuza ama namuazima mtu akae naye huko mbali na macho yangu.

Hapo ndo nikampigia dalali.

Nianze na mazuri. Anapokea simu mlio wa kwanza, saa tano usiku anapokea, alfajiri anapokea. Anajua nani ana punda, nani anataka, nani ana mradi wa nyumba unaotaka mawe. Akaja mpaka nyumbani, akamtazama Waziri kwa mbali (kwa mbali sana, nadhani habari zilishamfika) akaniambia dada una njia mbili. Ukiuza napata mteja wa 18,000, mimi nakata 2,000. Ukiazimisha, mtu anamlisha, anamtumia, anakulipa 800 kwa wiki, mimi nachukua malipo ya wiki ya kwanza. Nikaona bora kuazimisha kwanza, manake punda si wangu hasa, ni wa kaka, na kaka kila nikimgusia kuuza ananitumia voisi ndefu ya kunikumbusha marehemu baba alimnunua Waziri akiwa bado ananyonya.

Karatasi hatukuandika. Nikauliza, akasema dada sisi ni watu wa mji mmoja, karatasi za nini. Nikanyamaza, na hilo kosa ni langu.

Kumbe mtu aliyemchukua hakuwa na shamba kama nilivyoambiwa. Alikuwa anabeba mawe, yale yanayochimbwa kule Maweni, Manda, yanaletwa kwa jahazi mpaka ufukweni alafu punda wanayapandisha mjini vichochoroni ambako gari haipiti. Kazi ya halali, nusu ya nyumba za huku zimejengwa hivo, lakini ni kazi nzito na si ya punda aliyekwambia wazi kwamba hataki. Siku ya kumi na moja nikampigia dalali kuuliza hali, akasema mzima kabisa dada. Siku ya kumi na mbili kijana mmoja akaniletea Waziri nyumbani amefungwa kamba shingoni, akasema bosi amesema mchukueni, kamuuma fundi. Mgongoni, pale shogi linapokaa, kidonda ukubwa wa kiganja, nzi wamejaa. 800 ya wiki ya pili mpaka leo sijaiona. Kumuuliza dalali, eti hiyo ni baina yako na yeye, mimi kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha.

Kidonda ndo kilinipeleka kliniki ya punda, ile ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, waliyofungua hapa 1987, nikijua ni matibabu ya bure tu basi. Wallahi nilikuwa nataka wamfunge kidonda apone nimuuze. Yule kijana wa pale hata hakuanza na kidonda. Kwanza akauliza, anakula vipi? Nikasema anakula sana. Akasema hapana, anakula *vipi*. Sikumwelewa. Akamtupia majani, tukasimama tunatazama. Waziri anatafuna, anatafuna, kichwa kakilaza upande, alafu kinadondoka kitu mdomoni. Kijana akakiokota akaniwekea kiganjani, kidonge cha majani kimeviringika kama kile cha ugali anaolishwa mtoto, kimelowa mate, majani ndani yake bado marefu. Nikakumbuka zile bonge bonge ninazofagia pale zizini kila asubuhi nikidhani ni uchafu wa mbuzi wa jirani.

Kumbe magego. Meno ya punda hayaachi kuota, na kwa vile taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo zisizosagika zinabaki kali kama wembe, za juu zinakata shavu, za chini zinakata ulimi. Wakamchoma sindano ya usingizi, akasimama vilevile lakini kichwa kikashuka kama mzee kwenye khutba, wakamtia chuma cha kumpanua mdomo, wakanimulikia tochi nikaona mwenyewe shavu kwa ndani limechanika, pengine bichi pengine limeshapona na kuchanika tena. Na sisi hatamu ya kamba inapita hapohapo juu ya hilo shavu, kila ukivuta unambana kidonda. Ningekuwa mimi ningeuma pia. Wakampiga tupa magego yale, wakamsafisha mgongo, wakaniambia asibebe kitu mpaka pafunge ngozi, na akirudi kazini mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, yani punda wa kilo mia na hamsini mwisho wake ni mfuko mmoja wa simiti. Vijana wa huku wanapakia miwili na wao wenyewe wanapanda juu.

Nisiwadanganye kwamba kawa malaika. Kuuma kumepungua, sasa kichwa unamshika, masikio bado hataki. Mateke yamebaki. Kulala njiani ndo hivyo, akichoka analala, na daktari alisema baadhi ya haya ni mazoea tu, mnyama akishajifunza kwamba ukifanya hivi mzigo unashushwa, hasahau kwa wiki mbili. Tena hajahasiwa, na jike akipita na joto lake mtaa wa pili humzuii kwa kamba. Walinipa ushauri wa kumhasi, wakaniambia kabisa hatatulia siku ileile, inachukua wiki kadhaa damu itulie. Nikawaambia nimuulize mwenye punda. Mwenye punda akatuma voisi ya dakika nne. Lakini akakubali.

Sasa narudi kwa dalali manake hakuishia pale. Waziri akiwa bado na kovu bichi akanipigia, dada mteja nimempata, anatoka ng'ambo ya Mokowe, pesa taslimu, 22,000. Bei juu ya soko kwa punda anayejulikana mji mzima kwa kulala njiani! Nikafurahi, siwezi kusema uongo. Akaja huyo mteja na viatu vya safari. Mimi nimejiandaa kumwambia ukweli wote, meno, mateke, maana ukiuza mnyama mwenye tabia na ukaficha, dhambi ni yako. Hakuuliza. Hakumfungua mdomo, hakuinua kwato hata moja, hakuuliza anabeba au anavuta mkokoteni, hakuuliza miaka. Alipitisha kiganja mgongoni, akafika kwenye kovu akapasugua kwa kidole gumba, akauliza, hapa ngozi itafunga vizuri? Alafu akauliza una wengine?

Yani hapo moyo ukanishuka. Msiofuatilia, ngozi ya punda inatakwa China, inachemshwa kupata gundi ya kutengenezea dawa wanayoiita ejiao, na Kenya kuanzia 2016 machinjio yalipewa leseni kabisa, Baringo, Naivasha, Machakos mpaka Turkana, punda wakaanza kuibwa usiku na kuchunwa vichakani. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikatengua 2021, alafu Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana biashara ya ngozi ipigwe marufuku bara zima. Kwenye karatasi. Mimi simshtaki yule mteja kwa kitu nisichokiona, labda alikuwa mkulima tu mpole asiye na maswali. Lakini mtu anayenunua punda wa kazi anatazama miguu. Nikamwambia nimebadili nia. Dalali akanuna, akasema nimempotezea nauli ya boti, akataka 500 ya usumbufu. Nikampa, ili aondoke.

Kwa hiyo kuuza kwa kupitia mtu wa kati, mimi hapana tena, si kwa punda mwenye tabia. Punda mtulivu ana wateja anaowajua kila mtu, utajua kaenda kwa fulani Langoni au Shela na utamwona keshokutwa njiani. Huyu mgumu anayemtaka haraka kwa bei nzuri, lazima ujiulize anamtakia nini. Na kuuza ndo umekwisha, huna tena pa kuuliza. Kuazimisha kuna kero zake, akimuuma mtu watakuja kugonga kwako na si kwa aliyeazima, lakini angalau kamba upande mmoja bado umeshika.

Tuliyempata tulimpata bila dalali, kupitia mke wa binamu. Mzee mmoja wa Matondoni, ana shamba la minazi, anataka punda wa kumbebea nazi na madumu ya maji, hakuna mawe, hakuna mji, hakuna Usita wa Mui. Safari hii nikachana karatasi ya daftari la mtoto tukaandika: miezi mitatu ya kujaribu, hela hakuna ila ananipa nazi, asimpe mtu wa tatu hata kwa siku moja, asimuuze, mzigo ni madumu mawili tu ya lita ishirini, matibabu na meno juu yangu, na mimi nafika wakati wowote bila kupiga simu. Mzee akasoma akasema mwanangu hii ni kama posa. Akatia sahihi.

Wiki ya tatu nikaenda kimya kimya. Nikamkuta Waziri kasimama chini ya mwembe hana kamba, mdomo unakwenda taratibu, chini hakuna kidonge hata kimoja. Nilipomkaribia akageuza masikio nyuma akauma ukingo wa buibui langu akavuta, limetoboka, ninalo hapa. Mzee akacheka mpaka akakaa chini, ananiambia kwangu hajauma, ila analala kila siku pale penye kichuguu, na mimi siku hizi nikifika pale nakaa nakula buyu moja mpaka ainuke.

Jana kanipigia kuuliza bei ya kumuuza moja kwa moja. Nimemwambia tuonane baada ya Ramadhani, na kaka ashaanza kurekodi.