Mbegu ya kabichi ya Kichina Michihili: milimani inafunga, pwani inabaki majani

Ukiulizia mbegu ya chainizi kwenye duka la pembejeo, mara nyingi utapewa chainizi ya majani, ile inayouzwa kwa mafungu pembeni ya mchicha na matembele. Hiyo haifungi, yaani haikunji majani yake kuwa kichwa, hata ukiisubiri hadi Krismasi. Inayofunga ni kabichi ya Kichina, na aina ya bei nafuu iliyozoeleka ni Michihili. Hakikisha jina limeandikwa kwenye pakiti yenyewe, maneno ya muuzaji hayatoshi.

Kwa bustani ya Lushoto, Arusha, Nairobi au Limuru tunaipa alama 4 kati ya 5. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa tunaipa 2, na hizo 2 ni za majani.

Michihili si chotara. Kichwa chake ni kirefu na chembamba, kama sentimita 40 kwenda juu, na kikitunzwa vizuri hufika kilo moja na nusu hadi mbili. Tangu kusia hadi kukata ni siku 75 hivi. Kasoro ya kwanza iko hapohapo: mimea haiendi sawa. Kwenye tuta moja mingine itakuwa imekaza huku mingine ndiyo kwanza inaanza kukunja. Mkulima wa soko hilo humkera. Kwa jikoni ni faida, maana familia haiwezi kumaliza vichwa 20 kwa wiki moja.

Kasoro ya pili ni ukubwa wa pakiti. Gramu moja ina mbegu 300 au zaidi, na tuta la mita 1.2 kwa 3 linachukua miche 21 tu kwa nafasi ya sentimita 40 kila upande. Pakiti ya gramu 5 basi ni ya mtaa mzima. Gawaneni na jirani, au usie mbegu 30 kila baada ya wiki mbili na zinazobaki uzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya friji. Joto na unyevu wa pwani huua mbegu iliyoachwa kabatini upesi. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Ukiwa na shaka, weka mbegu 20 kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni: zikiota chini ya 16 kufikia siku ya tano, sia mbili mbili. Mbegu yenye rangi ya waridi au buluu imepakwa dawa, kwa hiyo nawa mikono na usiwape kuku zilizobaki.

Uotaji wenyewe hauna shida. Mbegu mpya iliyofukiwa sentimita moja hutokeza siku ya tatu hadi ya tano. Taabu huja kwenye kuhamisha, kwa sababu mizizi yake haipendi kuguswa. Ukizoea kung'oa miche ya sukuma wiki kitaluni ikiwa mizizi mitupu, hapa acha. Tumia trei au vikombe vilivyotobolewa chini, uhamishe na udongo wake ikiwa na majani halisi manne au matano (usihesabu yale mawili ya kwanza ya mbegu), yaani wiki ya tatu hadi ya nne. Ikikaa zaidi hudumaa na huwa rahisi kutoa maua. Kinyausi ndicho huua miche michanga: shina hunyong'onyea pale linapotoka ardhini, kisha mche unalala. Huchochewa na kumwagilia jioni na kurundika mbegu, kwa hiyo mwagilia asubuhi na uache hewa ipite.

Sasa hali ya hewa, ambayo ndiyo inayoamua kama pesa yako imetumika vizuri. Michihili hufunga vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Mchana ukipita 25 siku baada ya siku, majani ya ndani hayakazi. Unapata fundo legelege lenye kingo za kahawia ndani. Kivuli cha neti kitapunguza jua, hakitaigeuza Dar kuwa Lushoto. Aliye pwani apande sentimita 20 kati ya mche na mche, miezi ya Juni hadi Agosti, avune majani yakiwa machanga kuanzia wiki ya tano. Ni laini kuliko chainizi ya kawaida, ila kwa kazi hiyo chainizi ya majani inazaa zaidi na haimdanganyi mtu kwa picha ya pakiti.

Baridi nayo ina hila. Mche mchanga ukikaa wiki moja au mbili katika usiku wa chini ya nyuzi 10, huhesabu kwamba umepita msimu wa baridi, na baadaye hupandisha shina la maua badala ya kufunga. Njombe na Limuru hilo hutokea kwa miche iliyosiwa Juni na Julai. Wengi hulaumu mbegu feki. Funika kitalu usiku, au subiri Agosti iishe ndipo usie.

Chakula chake ni kingi. Changanya samadi iliyoiva kilo 3 hadi 4 kwa kila mita ya mraba wiki mbili kabla ya kuhamisha. Siku ya 14 baada ya kuhamisha weka mbolea ya nitrojeni ya CAN kizibo kimoja cha soda kwa mche, sentimita 10 kutoka shinani, na urudie majani ya kati yanapoanza kukunja. Usizidishe. Nitrojeni nyingi pamoja na maji ya leo yapo kesho hayapo huleta zile kingo za kahawia ndani ya kichwa: madini ya kalisi (kalsiamu) yapo udongoni lakini hayafiki kwenye majani machanga yanayokua mbio. Maji ni lita 25 hadi 40 kwa mita ya mraba kila wiki, yagawe mara tatu, na matandazo ya nyasi kavu yalinde unyevu.

Wadudu wanaipenda kuliko kabichi ya kawaida, kwa kuwa jani lake ni jembamba na laini. Vijidudu weusi wanaoruka hutoboa majani ya miche hadi yawe matundu matupu, na sota, viwavi wanaojificha udongoni, hukata shina usiku. Neti yenye matundu madogo, ikiwekwa siku ileile ya kuhamisha na kingo zake kufukiwa, huzuia vijidudu hao na nondo wa mgongo wa almasi. Sota utamtafuta kwa kufukua udongo kuzunguka shina. Viwavi wakishaingia kwenye kichwa kilichofunga, hakuna dawa inayowafikia. Dawa ya Bt, ile ya bakteria wanaoua viwavi, ipuliziwe jioni wakiwa wadogo, chini ya jani.

Mmea ukinyauka mchana na kuamka usiku, ng'oa mmoja: mizizi iliyovimba mafundo ni ugonjwa wa udongo wenye tindikali, na vimelea vyake hukaa humo miaka mingi. Tia chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha tindikali) ifike karibu 7, na hapo usipande kabichi, sukuma wiki wala figili kwa miaka kadhaa. Kichwa kinachonuka na kuteleza ni uozo laini, nao hupenda kuingia kwenye majeraha wakati wa masika. Usipalilie wala kukata majani kukiwa na maji.

Mwenye nafasi ndogo na fedha za ziada anunue chotara F1 wa umbo la pipa. Hufunga ndani ya siku 50 hadi 65, kwa usawa, na wapo waliozalishwa kustahimili joto au kuchelewa kutoa maua. Bei kwa mbegu moja ni kubwa sana, na mbegu zake ukizitunza hazirudi zilivyokuwa. Za Michihili hutunzika, mradi uache mimea kadhaa, kwani mmoja haujichavushi vizuri, na pasiwe na chainizi ya majani yenye maua karibu. Sukuma wiki na kabichi ya kawaida hazichanganyiki nayo. Ya kuachia mbegu iwe ile iliyokaza kwanza na kuchelewa kutoa maua. Ukichukua mbegu kwenye iliyotangulia kuchanua, msimu ujao tuta zima litachanua mapema.