TAHADHARI: Kuna mtu anauza "dawa ya mabomba yenye kelele" Kisaasi, Kyanja na Najjera

Ndugu zangu mnaoishi Kampala, hasa wapangaji wa nyumba zenye hita ya maji, someni hii kabla hajabisha hodi kwenu. Kuna jamaa anajiita fundi wa hita, anazunguka Kisaasi, Kyanja na Najjera na pikipiki, ovaroli safi, maneno matamu. Kwenye begi ana chupa za lita moja zenye kimiminika cha bluu. Chupa moja anaiuza shilingi 280,000, "kuweka" ni bure. Mimi ni fundi bomba, na siku hizi naitwa kusafisha alichokiacha.

Chupa niliyoishika ina picha ya rejeta ya nyumbani, yale machuma yenye mbavu yanayofungwa ukutani Uingereza na nchi nyingine za baridi. Huko boila inapasha maji, pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta za kila chumba, yakipoa yanarudi kupashwa tena. Maji ni yaleyale miaka na miaka na hakuna anayeyaoga, ndiyo maana huwekwa dawa ya kuzuia kutu. Lebo yenyewe imeandikwa wazi kwamba isichanganywe na maji ya kunywa. Sasa Kampala nani ana rejeta ukutani? Jamaa anaimimina kwenye tanki la maji ya moto, yale utakayomwogeshea mtoto jioni, na wengine huyachota kabisa kwenye birika ili chai iwahi. Chupa nyingine hazina hata lebo, kwa hiyo kilichomo anakijua yeye.

Anakuonyesha pia video kwenye simu: rejeta ya Ulaya inafunguliwa, yanatoka maji meusi kama oili chafu. Anakuambia, "Hayo ndiyo yamo ndani ya hita yako." Si kweli. Ule weusi ni kutu ya chuma iliyosagika ndani ya mzunguko uliofungwa. Hita yako inaingiza maji mapya kila ukifungua koki. Na akisema chokaa imejaa, muulize maji yako yanatoka wapi. Maji ya bomba ya mtambo wa Ggaba ni ya Ziwa Victoria, ni laini, hayaachi chokaa nyingi. Mwenye kisima cha kuchimba ndiye anaweza kuwa na ukoko wa chokaa.

Mbona basi watu wanaapa kwamba dawa inafanya kazi? Hapo ndipo alipo mjanja. Anakuja siku maji yamekatika na kurudi. Maji yakirudi, mabomba yamejaa hewa, kwa hiyo yanakoroma, koki zinatema na kupiga chafya. Anamimina dawa yake, kesho hewa imeshatoka yenyewe, kelele kwisha, jirani anaitwa naye anunue. Mbinu ya pili: akitoka anapitia kwenye koki kuu karibu na mita na kuikaza nusu. Maji yanapungua nguvu, mabomba yanatulia. Wiki ijayo unalalamika maji hayapandi juu, anarudi kukuuzia pampu. Mwenyeji mmoja wa Kyanja alikuwa ameshalipa kianzio cha pampu. Nilifungua koki kuu mizunguko michache tu na maji yakaruka hadi ghorofani.

Lakini kilichonifanya niandike si pesa, ni valvu ya usalama. Hita nyingi zina valvu ndogo yenye kimkono, inadondosha matone maji yanapopata moto. Hiyo ndiyo kazi yake. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama lita moja na nusu, na pale penye valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma hazina pengine pa kwenda. Huyu bwana anasema tone lile ndilo "linaita kelele", anang'oa valvu na kuweka kizibo cha chuma. Themostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ikigoma siku hiyo, tanki linaweza kupasuka na kubeba ukuta. Nendeni mkaangalie sasa hivi. Ukikuta kizibo pale palipokuwa na valvu, zima umeme wa hita kwenye swichi yake na usiuwashe mpaka fundi mnayemfahamu aweke valvu nyingine.

Kelele zenyewe nyingi utazijua kwa sikio. Kishindo kimoja, dugu, ukifunga koki haraka au mashine ya kufulia inapokata maji, ni maji yaliyokuwa mbioni yamegonga ukuta. Kaza klipu za bomba, na presha ikiwa kali weka valvu ya kuipunguza baada ya mita. Kukoroma na kutema ni hewa: fungua koki ya juu kabisa, iache mpaka maji yatoke mkondo mmoja. Mluzi mara nyingi ni washa, kile kimpira cha ndani ya koki, iliyokwisha au boya la tanki linalotetemeka. Tik tik tik ukutani baada ya kufungua maji ya moto ni bomba linarefuka. Shaba ya mita 10 ikipanda nyuzi 50 inarefuka milimita 8 na zaidi, na PPR, yale mabomba ya plastiki, inarefuka zaidi ya hapo. Dawa yake ni kipande cha mpira kwenye klipu na nafasi ya kupumua pale bomba linapopenya ukuta. Hita ya umeme ikinguruma kama sufuria ya maharage, hapo ndipo kuna ukoko kwenye koili, na inafunguliwa ikasafishwa, umeme ukiwa umezimwa.

Kuna hita za jua zenye mzunguko wa pembeni wenye kimiminika chake. Huo haugusani na maji ya kuoga, na anaujaza fundi wa kampuni iliyokuuzia, si mtu wa kupita.

Kama ameshakumiminia: msinywe wala kupikia maji ya upande wa moto. Zima hita, funga maji yanayoingia, mwaga tanki lote kupitia koki ya chini, jaza, mwaga tena, mara kadhaa, halafu fungua kila koki ya moto mpaka isibaki rangi wala povu. Aliyekunywa na kujisikia vibaya apelekwe hospitali pamoja na chupa.

Risiti hatoi. Anataka mobile money, na jina linalotokea kwenye simu si lile alilojitambulisha nalo. Usifute ule ujumbe wa malipo wala usitupe chupa. Vipeleke polisi, na mwenyekiti wa LC1 wako, yaani wa serikali ya mtaa, ajue. Mliokaribia Bukoto na Ntinda, waambieni walinzi wa geti leo, maana nasikia ameanza kuulizia huko.