Tahadhari: fundi akisema "diski imeungua", usimwachie laptopu yako

Wakuu, kama una laptopu ya Linux (mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows) na unataka kuipeleka kwa fundi Kariakoo, soma hili kwanza. Mimi nimepigwa shilingi 180,000 kwa tatizo ambalo halikuhitaji hata bisibisi.

Natumia Xubuntu, aina mojawapo ya Linux. Betri yangu haishiki chaji tena, kwa hiyo umeme ulipokatika usiku mashine ikazima papo hapo, kazi ikiwa wazi. Ilipowaka ikapokea nywila vizuri, ila deskitopu ikaja tupu: upau wa juu haupo, madirisha hayana hata kitufe cha kufungia. Fundi aliitazama dakika mbili, akasema diski imeungua, bahati nzuri anayo mpya. Jioni nikakabidhiwa mashine imepigwa Windows ambayo sikuiomba. Faili zangu za miaka minne? Zimekwenda na diski, akasema.

Diski iliyoungua ingewezaje kuwasha mfumo mzima mpaka ukaniomba nywila? Swali hilo lilinijia usiku, hela imeshatoka.

Kesho yake nikarudi na binamu yangu kudai diski yangu. Kwanza fundi alisema ameitupa. Tulipokataa kuondoka, akaitoa kwenye droo. Nikaipima kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski: PASSED (imefaulu), hakuna sekta mbovu hata moja. Ile yake "mpya", kwenye mstari wa Power_On_Hours (saa ambazo diski imewaka), inasoma saa 19,412. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka usiku na mchana.

Kilichoharibika ni faili za mipangilio tu. Umeme ulikata zikiwa zinaandikwa, nyingine zikabaki na baiti 0. Nikarudisha diski yangu, nikabonyeza Ctrl+Alt+F3 kufungua skrini ya maandishi matupu, nikaingia kwa jina langu na kuandika:

mv ~/.config/xfce4 ~/.config/xfce4.zamani
mv ~/.cache/sessions ~/.cache/sessions.zamani

Nikawasha upya. Deskitopu ikarudi kama ya siku ya kwanza, na faili zangu zote zipo. Amri hizo hazifuti kitu, zinabadili majina tu, na mfumo unajitengenezea mipangilio mipya.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie afungue akaunti nyingine mbele yako: sudo adduser jaribio. Deskitopu ikija salama humo, kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti yako, na hakuna sababu ya kununua diski. Na kama kila ukiingia unarudishwa kwenye nywila, angalia kwa df -h kama diski imejaa, au kama ~/.Xauthority (faili ya ruhusa ya kufungua deskitopu) imegeuka mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, badala ya yako. Akikataa kupima ukiwa umekaa pale, beba mashine yako uondoke.

Siku tuliyokwenda kudai, kulikuwa na dada mwanafunzi kaketi na laptopu yake mapajani, anaambiwa maneno yale yale: diski imeungua. Tulimvuta pembeni tukamweleza, akaondoka nayo. Mimi nimerudishiwa 100,000 mpaka sasa. Diski ya fundi ninayo, na haitoki hapa mpaka alete 80,000 iliyobaki.