Kipimo cha jeni kwa mwenye pumu: nyota 2 kati ya 5

Nyota hizo mbili ni za urahisi wa kukitumia. Unatema mate kwenye kichupa hadi yafike mstarini, basi. Sharti ni kutokula, kutokunywa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, la sivyo sampuli huchafuka na unatakiwa uteme upya.

Nyota tatu zimepotea kwenye karatasi ya majibu. Mstari unaokimbiliwa ni wa jeni ya ADRB2, inayounda kipokezi ambacho salbutamoli, dawa ya inhela ya nafuu ya haraka, hukishika ili misuli ya njia za hewa ilegee. Kwenye nafasi ya 16 ya kipokezi hicho wengine wana arginini (Arg), wengine glisini (Gly), ambazo ni asidi amino, matofali ya protini, ndiyo maana jibu huja Arg/Arg, Arg/Gly au Gly/Gly. Anayeshtuka ni mwenye Arg/Arg. Utafiti wa BARGE wa 2004 ulionyesha kwamba watu wa aina hiyo wakitumia salbutamoli kila siku, nguvu ya pumzi yao ya asubuhi haiimariki kama ya wenye Gly/Gly. Sawa, lakini utafiti wa LARGE wa 2009 uliwapa wenye Arg/Arg na wenye Gly/Gly salmeteroli, dawa ya jamii hiyohiyo inayodumu muda mrefu, pamoja na steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, na makundi yote mawili yakapata nafuu. Karatasi inayotaja wa kwanza na kuunyamazia wa pili inampunja mnunuzi, tena inaweza kumfanya aache dawa inayomfaa.

Upande wa steroidi, jeni ya GLCCI1 ina uzito zaidi kidogo. Matokeo ya 2011: wenye nakala mbili za badiliko lake, FEV1 yao (hewa inayotolewa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) ilipanda kwa steroidi ya kuvuta kwa wastani wa asilimia 3.2, wasio nalo, 9.4. Ni wastani wa kundi, lakini, na haumpi daktari dozi ya mtu mmoja.

Kabla ya kuishuku jeni, tazama mkono na mdomo. Inhela ya kubonyeza hutikiswa. Toa pumzi nje, anza kuvuta polepole huku ukibonyeza mara moja, endelea kuvuta sekunde 3 hadi 5, kisha bana pumzi kama sekunde 10. Ukungu mweupe ukichungulia pembeni mwa midomo, dawa imepotelea hewani. Ya unga ni kinyume chake: huvutwa kwa nguvu tangu mwanzo. Aliyebadilishiwa inhela akabaki na mvuto ule wa polepole huambiwa dawa imemkataa, kumbe unga umebaki ndani ya kifaa. Anayekosea kubonyeza husaidiwa na spesa, chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Kwa inhela ya unga spesa haitumiki.