Maabara ya vipimo vya damu Ganjoni: hii naipa nyota nne, ile ya kwanza sitaki hata kuihesabia

Nianze na jina manake najua ndio swali la kwanza. Sitaji. Nikiitaja hii ya pili mtataka na ile kliniki ya kwanza iliyompima binti yetu siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na ile ya kwanza sitaki kesi nayo, mie dereva wa tuktuk, wakili ntamtoa wapi. Hii ninayoisifu iko Ganjoni hapa Mombasa, ghorofa ya kwanza, ngazi zake zimesimama kama za kukwea mnazi na lifti haiko, kwa hivyo ukija na mtoto mgonjwa mgongoni jiandae.

Kisa chenyewe. Binti yetu alipokuwa na miezi 3 mamake alianza kukosa usingizi kwa sababu dadake alizika mtoto wa siko seli miaka ya nyuma, nami nikasema basi si tumpime tu tutulie. Tukaenda kliniki moja huku huku mtaani kwetu, wakamtoboa kisigino, tukalipa mia tano, nusu saa karatasi ikatoka imeandikwa siko seli negativu. Wallahi siku hiyo nlipitia biriani nikaleta nyumbani. Hakuna aliyetuuliza mtoto ana umri gani. Hilo likumbukeni.

Miezi 9, asubuhi moja, mikono yote miwili na nyayo zimefura kama mahamri yaliyoumuka vizuri, haguswi, yuwalia tangu alfajiri. Nyanyake akasema kijicho hicho. Jirani akasema feni, mwamlaza chini ya feni. Mwingine akaleta mvuje. Sisi siko seli hata hatukuitaja kwa sababu tuna karatasi ya negativu kwenye droo, na hapo ndipo karatasi ile ilipotuumiza, si kwenye zile mia tano. Siku tatu tunakanda mtoto mafuta ya nazi. Hospitali muuguzi mmoja akavitizama vile vidole, akatuuliza, alipimwa siko kwa njia gani huyu? Njia? Kwani ziko ngapi?

Ziko. Na hapo ndipo tulipoelekezwa Ganjoni.

Pale kuna mama mmoja wa makamo ndiye anayeendesha mashine, na nyota tatu katika hizi nne ni zake yeye peke yake. Nlimpa ile karatasi ya zamani nikitegemea atasema aa hawa jamaa wazuri. Akaisoma, akauliza mtoto alikuwa na miezi mingapi, nikamwambia mitatu. Akaiweka chini polepole. "Babangu, hiki kipimo kwa mtoto wa miezi mitatu ni kama kumtafuta mwizi mchana ilhali yeye huiba usiku."

Akanieleza na ntawaeleza vile nlivyoelewa. Kile kipimo cha mia tano wanachukua tone la damu, wanalitia dawa ya kunyonya oksijeni, wanafunika kwa kigae cha kioo, wanasubiri, halafu wanatizama kwenye hadubini kama chembe nyekundu zimejikunja kama mundu. Sasa mtoto mchanga bado anatumia himoglobini (ile ya kubebea oksijeni kwenye damu) ya tumboni, inaitwa F, na hiyo F haikubali chembe zijikunje. Inapungua pole pole na himoglobini ya kikubwa inashika nafasi yake, mpaka kufika miezi sita hivi nyingi imeshaondoka. Kwa hivyo ukimpima mapema kwa njia ile unaweza kuambiwa hana na kumbe anayo. Na hata ingesema anayo, bado haikwambii kama ni mgonjwa au ni mbebaji tu, yaani aliyerithi kwa mzazi mmoja na haumwi, manake wote wawili damu yao hujikunja ikinyimwa oksijeni. Yaani tulilipa kipimo ambacho kwa mtoto wetu hakikuwa na jibu lolote la maana, na kliniki ilichukua pesa bila kusema hata neno moja!

Kipimo cha Ganjoni ni cha mashine inaitwa HPLC. Bei ni 3,500 na nlikunja uso, sikatai. Lakini sikilizeni inavyofanya. Damu inapasuliwa ile himoglobini itoke, halafu inasukumwa kwa nguvu na maji ya dawa kupitia kijibomba kilichojazwa chembechembe za kunata. Kila aina ya himoglobini inanata kwa kiasi chake kwa hivyo kila moja inatoka kwa dakika yake. Nikamwambia mama, aa hiyo si feri ya Likoni? Mnaingia pamoja lakini kutoka kila mtu na zamu yake, waenda kwa miguu mbele, tuktuk, malori nyuma. Akacheka akasema kesho atawaambia wanafunzi hivyo hivyo. Mwisho mashine inachora vilima kwenye karatasi, kila kilima na jina na asilimia yake. Hakuna mtu wa kubahatisha kwa jicho.

Karatasi ya binti kwa asilimia: S, ndiyo ile ya siko seli, 71, F 26, A2, ile kidogo ambayo kila mtu anayo, 3. Ile A ya kawaida hakuna. Sifuri.

Sasa hapa ndipo nlipotaka kugombana naye. Akasema nataka na nyinyi wawili mpimwe. Nikahesabu haraka, watu watatu ni 10,500, nikasema moyoni haya, biashara imeanza. Kumbe yuko sawa. Vilima kama vile vya binti vinaweza kuwa mtoto amepata S kwa baba na S kwa mama, au S upande mmoja na upande wa pili thalasemia, ile hali ambayo jeni ya kutengeneza A imekufa kabisa. Mashine peke yake haiwezi kuzitofautisha vizuri kwa mtoto mdogo, lakini ukiwapima wazazi unajua. Tukapimwa. Mimi S 37, mke wangu S 38, na zilizobaki karibu zote A. Wote wabebaji, wazima wa afya, hatujawahi kuumwa hata siku moja. Na nyumbani ilikuwa ishaanza maneno, kwao wasema kwetu, kwetu wasema kwao. Nlipiga picha karatasi zote mbili nikatuma kwenye kundi la familia bila neno. Kimya mpaka leo.

Mama akatueleza kwamba wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto mgonjwa, mbili kwa nne mbebaji, moja kwa nne hana kabisa. Kila mimba, si ati mkipata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamepona. Hilo la mwisho aliturudia mara mbili akimtizama mke wangu usoni, bila kutufokea, na mimi kwa hilo peke yake ningempa nyota.

Na ugonjwa wote huu chanzo chake ni kitu kidogo mpaka unashangaa. Alichukua tasbihi yake kwenye mkoba. Himoglobini ina nyuzi nne, mbili za alfa mbili za beta, na uzi wa beta una shanga 146, shanga zenyewe ndizo zinaitwa asidi amino. Ya 6 ndiyo imebadilika. Mahali pa glutamiki, inayopenda maji, pamekaa valini, inayoyakimbia. Basi himoglobini ikishaacha oksijeni yake, zile valini zinatafuta pa kujificha kwa jirani, zinashikana, zinakuwa vijiti virefu ndani ya chembe, na chembe inavutwa kama mfuko wa nailoni uliotiwa vijiti vya mshikaki (ile mifuko yenyewe ilipigwa marufuku 2017 lakini mwaikumbuka). Chembe iliyokunjika hivyo haipiti mishipa midogo, inaziba, na kwa mtoto wa umri ule inaanzia vidoleni. Ndio ule uvimbe, si feni.

Baada ya hapo nikiwa Buxton nangoja abiria nikawa nasoma simu badala ya kupiga soga. Huko Marekani 1949 Linus Pauling na wenzake walipitisha himoglobini kwenye umeme, wakaona ya wagonjwa haitembei sawa na ya wazima, na wao ndio waliotangaza kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Hapo walikuwa hawajui shanga gani. Vernon Ingram, Cambridge, 1956, akaikata himoglobini vipande vipande akapata kwamba kilichobadilika ni kipande kimoja tu. Na mwaka ule ule wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, alikuwa anazunguka anakusanya damu za watu, akaona wabebaji ni wengi huku Pwani na kule ziwani lakini bara kwenye baridi ni haba, na 1954 akaonyesha sababu yake ni malaria, mbebaji malaria kali haimpati kirahisi. Yaani damu za hapa kwetu ndizo zilizofundisha ulimwengu, halafu mwaka huu mtu ananiuzia kipimo cha mia tano bila kuuliza umri!

Turudi kwenye ripoti. Mabaya ya Ganjoni yapo. Viti vya kungojea ni vinne na watu ishirini. Msichana wa mapokezi hainui kichwa kwenye simu mpaka ukohoe. Waliniambia majibu Alhamisi, yakaja Jumamosi, kwa sababu sampuli wanazikusanya kwanza ndio waiwashe mashine, sawa naelewa, lakini si muniambie basi? Siku mbili zile nlizunguka mji nikiwa kama kichaa. Na majibu yanakuja kwa WhatsApp vilima peke yake bila maelezo, ukiyapokea usiku peke yako utapata presha. Mimi ushauri wangu panda zile ngazi ukaongee na yule mama. Pia dai karatasi yenye muhuri, kliniki ya hospitali haitaki picha ya simu. Na kama mtoto ametiwa damu ya mtu mwingine ndani ya miezi mitatu iliyopita semeni mapema, manake mashine itasoma na damu ya aliyetoa.

Binti sasa yuko kliniki, anapewa Paludrine kila siku kwa ajili ya malaria, foliki, penisilini, na wamemuanzisha haidroksiyurea, dawa ambayo inairudisha ile F ya utotoni, na moja ya sehemu nne za Afrika ilikojaribiwa kwa watoto ni Kilifi hapo. Kuna na tiba mpya ya kuhariri jeni, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, hiyo nayo inaiamsha F. Bei kule Marekani ni dola milioni 2.2. Nlianza kuhesabu ni tuktuk ngapi nikaacha.

Jumamosi nimerudi Ganjoni na shemeji yangu, anaoa baada ya mfungo. Yule mama akaniuliza binti hali gani, Paludrine anakunywa ama anatema. Anatema, nikamwambia, mpaka tuisage na uji. Shemeji alivyoona sindano akataka kushuka ngazi, tukamkamata. Mchumba wake alishapimwa, ana A tupu. Majibu ya shemeji wamesema Jumanne, kwa hivyo mimi nayatarajia Alhamisi.