Bluebook na Khan Academy kwa ajili ya SAT nikiwa Tanga, uzoefu wangu

Naulizwa sana nilisomea wapi SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hapa Tanga na twisheni nililipa kwa nani. Sikulipa twisheni jamani, nimetumia vitu viwili vya bure, Khan Academy ya kusomea na Bluebook ya kufanyia mitihani ya majaribio, nikapata 1430 kati ya 1600, hesabu 780 na Kiingereza 650. Hapo tu ushajua vitu hivi vinafaa wapi na vinapwaya wapi.

Bluebook ni programu ya College Board, wenye mtihani wao, na siku ya mtihani unafungua hiyohiyo, kwa hiyo vitufe vyote unakuwa ushavizoea. Mitihani ya majaribio iko humo kamili, saa inarudi nyuma pale juu mpaka moyo unakwenda mbio, jumla saa 2 na dakika 14 ukitoa mapumziko ya dakika 10. Kiingereza maswali 54, hesabu 44, na kila somo limekatwa moduli mbili. Sasa sikiliza hapa maana wengi hawajui, moduli ya pili unaletewa kulingana na ulivyofanya ya kwanza, ukiboronga ya kwanza inakuja nyepesi, wewe unafurahi mtihani mteremko kumbe alama zishawekewa kikomo, hata upate yote hufiki juu. Ile tabia ya kusema ntafidia mbele huku haipo.

Mie nimetoka PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na aliyepita form six anajua tulivyolelewa: onyesha njia, mstari kwa mstari, jibu likikataa unaokota maksi za njia. SAT haina habari na njia yako, inataka jibu basi, na una dakika 35 kwa maswali 22 ya kila moduli. Ndani ya Bluebook kuna Desmos, kalkuleta ya grafu, unaandika y = x² − 5x + 6 unaona mchoro umekata mstari wa x kwenye 2 na kwenye 3, swali limekwisha, wakati mkono bado unatafuta karatasi uanze kufakta. Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kuuzoesha mkono utulie, wallahi, kuliko hata kusoma mada mpya, maana mada mpya zilikuwa chache. Hakuna kalkulasi kabisa, ni aljebra, asilimia, takwimu, jiometri na trigonometria kidogo, mtu wa Advance haviwezi kumtisha. Kinachomuangusha ni kasi na Kiingereza cha maswali. Halafu usiache swali wazi, ukikosa hukatwi kitu, bahatisha uende.

Khan Academy kwa hesabu nawapa tano kwa tano. Maswali yamepangwa kwa ngazi, ukikosa unafunguliwa hatua moja moja mpaka uone ulipotelezea. Vidio zinakula bando, mie nilikuwa nazikimbia nasoma maelezo ya kuandikwa.

Kwa Kiingereza nawapa tatu, na si roho mbaya. Alama za uandishi wanafundisha vizuri mno, nukta mkato inakaa wapi, koma inakaa wapi, vitu ambavyo shule tulivipita juu juu, hizo maksi niliziokota zote. Shida ni kusoma. Vifungu ni vifupi, maneno 25 mpaka 150, kila kimoja na swali lake moja, ila dakika hii uko kwenye shairi la kizamani la kule kwao, inayofuata uko kwenye utafiti wa wadudu, na Khan anakueleza kwa nini jibu ni B lakini uzoefu wa kusoma hawezi kukupa. Huo unautafuta mwenyewe. Mie nilikuwa nakwenda maktaba ya mkoa kusoma chochote cha Kiingereza kilichopo, nilianza kwa kuchelewa kidogo kwa maoni yangu ndo maana ya ile 650, anayeanza leo aanzie huko kabla hata ya hesabu.

Kuhusu hawa wanaouza kosi kwenye magrupu na kuahidi 1500 ya uhakika, rafiki yangu wa Makorora alinunua, akatumiwa lundo la PDF, tunafungua ni pepa za zamani za karatasi. Utazijua haraka, kifungu kirefu kina maswali kumi chini yake. Sisi tulio nje ya Marekani tulihamishiwa kwenye kompyuta tangu 2023, zile kwa kasi ya sasa hazikusaidii.

Gharama ipo sehemu nyingine. Ada ya mtihani ukijumlisha na nyongeza ya tunaofanyia nje ya Marekani inapita dola 100, kituo nilichopata mimi kilikuwa Dar kwa hiyo ongeza nauli na pa kulala, na pasipoti uwe nayo mapema ndo niliyoingilia. Na laptopu, maana Bluebook kwenye simu haiingii. Mie niliazima ya kaka, betri yake ilikuwa ya dakika arobaini tukabadilisha kabisa, kwa sababu chumba cha mtihani si lazima kila mtu apate soketi. Ya kuazima iazimeni wiki kadhaa kabla, muiweke Bluebook na kufanya jaribio moja zima kwenye mashine hiyohiyo.